Shujaa au jambazi? Mara nyingi kalamu ndiyo huamua

MTU amesimama akiwa amevaa nguo za kawaida, bastola mkononi, macho yameelekezwa mbele. Hana sare wala beji. Msomaji anayefungua gazeti asubuhi hawezi kujua kama bastola hiyo ina leseni au la, wala kama aliyeishika anamsaka adui au yeye mwenyewe ndiye adui. Basi husoma maneno machache yaliyopigwa chapa chini ya picha, kisha humtazama mtu huyo tena. Mara hii humwona mwingine kabisa.

Picha ya namna hiyo ilizunguka dunia nzima mwaka wa 2013, na ilitoka hapa hapa Nairobi.

Wakenya wengi wanakumbuka walikokuwa Jumamosi ile ya Septemba 21. Magaidi wanne wa al-Shabaab walivamia jumba la maduka la Westgate, mtaani Westlands, wakati wa adhuhuri ambapo familia nyingi zilikuwa zikinunua vitu na kula chakula cha mchana. Kwenye maegesho ya magari ya orofa ya juu, watoto walikuwa wamekusanyika kwa shindano la upishi. Mkasa huo ulipomalizika siku ya nne, watu 67 walikuwa wameuawa.

Mfanyabiashara mmoja, Abdul Haji, alipata ujumbe wa simu kutoka kwa nduguye aliyekuwa amekwama ndani ya jumba hilo. Haji alikuwa raia wa kawaida mwenye leseni ya kumiliki bastola. Alikwenda Westgate, akajiunga na askari kanzu wachache na raia wengine wenye leseni, miongoni mwao Wakenya wenye asili ya Kihindi, na kwa pamoja wakaanza kuwatoa watu. Hayo yote yalifanyika kabla ya vikosi maalumu vya polisi na jeshi kuingia.

Mpigapicha wa shirika la habari la Reuters, Goran Tomasevic, alikuwa humo. Alimnasa msichana mdogo akikimbia peke yake katika sakafu inayong'aa, na mbele yake Haji amenyoosha mkono ili ampokee, mkono wa pili ukiwa na bastola. Magazeti ya London, New York na kwingineko yaliichapisha picha hiyo, na Haji akawa shujaa anayehojiwa kila siku.

Sasa hebu tuulizane jambo ambalo pengine si la adabu kuuliza. Haji ni Msomali na ni Mwislamu. Mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya kaunta, akasikia milio ya risasi kisha akachungulia na kumwona Msomali mwenye bunduki asiyevaa sare, angemdhania kuwa nani? Na kama picha hiyo ingefika katika chumba cha habari bila jina wala maelezo, mhariri angeandika nini chini yake?

Sidhani kama wengi wetu tungesema "mwokozi".

Hili si suala la kubahatisha tu. Hata miezi saba haikuwa imetimia tangu picha hiyo ipigwe wakati serikali ilipoanza operesheni ya Usalama Watch, mwezi Aprili 2014. Maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa mtaani Eastleigh na kwingineko, na wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani ili wachunguzwe vitambulisho. Picha ya shujaa mmoja, hata iwe imeonekana na mamilioni ya watu, haikutosha kufuta picha nyingine iliyokuwa imechorwa kwa zaidi ya miaka 50. Haji mwenyewe ni mwana wa marehemu Yusuf Haji, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi Kenya ilipotuma majeshi yake Somalia mnamo Oktoba 2011. Babake alipofariki mwaka wa 2021, ndiye aliyerithi kiti cha useneta wa Garissa. Lakini mwana wa dobi au wa muuza nguo aliyekamatwa Eastleigh hakuwa na jina la kumwokoa.

Neno moja, miaka mingi

Picha hiyo ya zamani ilianza na neno. Uhuru ulipofika mwaka wa 1963, wengi wa wakazi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walitaka kujiunga na Somalia. Vita vikazuka na kudumu hadi 1967. Waliochukua silaha wakaitwa "shifta", neno lililotoka Ethiopia na Eritrea lenye maana ya jangili au mwasi wa porini. Serikali ilitumia neno hilo, na magazeti yakalifuata. Hata vita vyenyewe vikaingia katika vitabu vya historia kwa jina hilo: Vita vya Shifta. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari katika eneo hilo hazikuondolewa hadi mwaka wa 1991, na neno lenyewe halijaondoka hadi leo.

Ubaya wa neno kama hilo ni kuwa humfanya msomaji asiulize zaidi. Ukishaambiwa kuwa fulani ni shifta, hutaka kujua nini tena? Huulizi bunduki aliitoa wapi, wala anamlinda nani.

Chukua mfano wa mfugaji wa Turkana, Pokot, Samburu au Baringo. Tumezoea kumwona katika picha akiwa na shuka begani, ndara miguuni na bunduki mabegani kama fimbo ya kuchungia. Mkazi wa Nairobi aliyeketi katika sofa lake husema moja kwa moja: huyo ni mwizi wa mifugo. Huenda ni kweli. Hofu hiyo haikubuniwa na waandishi wa habari. Mnamo Novemba 2012 zaidi ya polisi 40 waliuawa kwa kuviziwa katika Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuata mifugo iliyoibwa. Lakini vilevile huenda mtu huyo ni polisi wa akiba, ambaye amepewa bunduki hiyo na serikali yenyewe.

Kikosi cha polisi wa akiba kilianzishwa na wakoloni mwaka wa 1948. Katika maeneo ya kaskazini, ambako kituo cha polisi chaweza kuwa mwendo wa siku nzima, serikali iliwapa wanakijiji silaha ili wajilinde wao na mifugo yao, nao kwa miaka mingi walifanya kazi hiyo bila mshahara. Mwaka wa 2019 walipokonywa silaha katika kaunti kadhaa ili wachujwe upya. Haya yote hayaonekani katika picha. Mtu wa serikali na jangili huvaa shuka moja.

Jambo la kuchekesha, kama si la kusikitisha, ni kwamba Nairobi pia ilikuwa na polisi wa akiba aliyepata umaarufu kuliko makamishna wengi wa polisi. Jina lake lilikuwa Patrick Shaw, Mzungu mwenye mwili mkubwa aliyefariki mwaka wa 1988. Mchana alikuwa katika usimamizi wa shule ya Starehe Boys Centre. Usiku aliwasaka majambazi jijini. Hakuwa polisi wa kuajiriwa. Magazeti yalimjenga kiasi kwamba wazee wa mtaani bado humsimulia kana kwamba walimwona jana. Cheo chake kilikuwa kile kile cha mzee wa Lokichar aliyelinda mbuzi wa kijiji usiku kucha, lakini mzee huyo hakuandikiwa hata mstari mmoja.

Jijini mambo ni mengine kidogo. Hapa jambazi mwenyewe amewahi kuwa nyota. Kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kilipotoka mwaka wa 1984, kilisomwa hadi kurasa zikakatika. Wanafunzi walikificha chini ya madawati. Kiriamiti alikuwa amefungwa mwaka wa 1971 kwa wizi wa kutumia nguvu, na alikiandika akiwa gerezani. Yeye mwenyewe baada ya kuachiliwa aliachana na uhalifu, lakini wasomaji wengi vijana walishika zaidi kurasa za fedha, magari na mbio kuliko kurasa za kifungo. Katikati ya miaka ya 1990 yakaja majina ya Wanugu, Wacucu na Rasta, ambayo magazeti yaliyatangaza wiki baada ya wiki mpaka yakajulikana na watoto wa chekechea. Wote watatu waliishia kuuawa na polisi.

Kisha kuna taarifa fupi za ukurasa wa ndani, zile za aya nne. Anayesoma magazeti yetu anazijua kwa moyo. Vijana wawili au watatu wameuawa alfajiri katika mtaa fulani wa mashariki mwa jiji. Walikaidi amri ya kusimama. Bastola aina ya Ceska na risasi tatu zimepatikana. Mara nyingine bastola ni ya kutengenezwa kienyeji, na mara nyingine inageuka kuwa ya bandia. Ceska, kwa taarifa yako msomaji, ndiyo bastola inayobebwa na polisi wetu wengi pia. Ni nadra sana mwandishi kurudi baada ya mwezi kuuliza nambari za bastola hiyo zilionyesha ilikuwa mali ya nani. Tulifundishwa chuoni kuwa habari ina maswali sita, lakini katika habari hizi tunajibiwa manne na polisi wa zamu, na mawili yanayobaki hayaulizwi.

Watazame watoto wakicheza polisi na majambazi katika ploti. Hakuna anayetaka kuwa jambazi mwenye nguo zilizochakaa; huyo huchaguliwa kwa nguvu, na aghalabu ni yule mdogo kuliko wote au yule ambaye mama yake ni mgeni katika ploti. Watoto wamejifunza mapema nani hufanana na nani.

Yaliyotokea Soysambu

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno tu, na maneno hayavunji mfupa. Mkasa wa Soysambu unaonyesha vingine.

Shamba la Soysambu liko karibu na Ziwa Elmenteita, katika Bonde la Ufa. Ni la ukoo wa Delamere, wale wale ambao barabara kuu ya Nairobi, leo Kenyatta Avenue, iliwahi kuitwa kwa jina lao. Mnamo Aprili 2005, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) walifika hapo wakiwa wamevaa kiraia, wakichunguza madai ya biashara haramu ya nyama ya wanyamapori. Mmoja wao alikuwa Samson ole Sisina. Tom Cholmondeley, kitukuu cha Delamere yule mlowezi maarufu, alimpiga risasi na kumuua. Cholmondeley alijitetea kwamba alidhani shamba limevamiwa na majambazi.

Fikiria hapo kidogo. Walikuwepo watu wawili wenye bunduki, na aliyetumwa na serikali alikuwa Sisina. Huyo ndiye aliyeonekana kuwa jambazi. Mwezi uliofuata Mkuu wa Sheria aliifuta kesi, na Wamaasai wakaandamana kwa hasira.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, katika shamba hilo hilo, fundi wa mawe aitwaye Robert Njoya alipigwa risasi na Cholmondeley akafa. Mara hii kesi iliendelea, na mnamo Mei 2009 Cholmondeley alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa miezi minane. Alifariki mwaka wa 2016 alipokuwa akifanyiwa upasuaji wa nyonga.

Nikizisoma tena habari za kesi hiyo, nashangazwa na jinsi mtu mmoja alivyokuwa watu wawili. Katika magazeti ya hapa alikuwa mlowezi mwenye ardhi kubwa mno, anayewapiga Waafrika risasi na kuponyoka. Katika magazeti mengi ya Uingereza alikuwa mhusika wa tamthilia: mrithi wa cheo cha ukabaila, mwana wa "Happy Valley", na mara wasomaji wakakumbushwa filamu ya White Mischief ya mwaka wa 1987 na mauaji ya Lord Erroll ya mwaka wa 1941. Sisina na Njoya, waliokuwa na wake na watoto, walibaki pembeni mwa hadithi hiyo. Huko walitaka kujua zaidi juu ya bunduki na mwenye bunduki kuliko juu ya waliokufa.

Marekani, ambako bunduki mikononi mwa raia ni nyingi kuliko raia wenyewe, kuna kisa kinachofanana na cha Sisina kwa namna ya kuogofya. Huko chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, kimewafunza watu kwa miaka mingi kuwa dawa ya mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki. Kauli hiyo ilitolewa na mkuu wake, Wayne LaPierre, Desemba 2012. Julai 2016, katika jimbo la Minnesota, polisi alisimamisha gari la Philando Castile, mfanyakazi wa jikoni katika shule ya watoto. Castile alikuwa na kibali halali cha kubeba bunduki, na alimweleza afisa huyo kwa heshima kwamba anayo. Afisa akamfyatulia risasi saba na kumuua, mpenzi wake na mtoto wa miaka minne wakiwa garini. Mwaka uliofuata mahakama ilimwachilia afisa huyo. Castile alikuwa Mweusi. Wengi wakauliza: je, huyu hakuwa yule mtu mwema mwenye bunduki tuliyeambiwa habari zake?

Mwenye cheo naye huachwa bila kuulizwa

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaotugusa zaidi majumbani, na ndio unaosahaulika. Kama kalamu inaweza kumfanya asiye na hatia aogopwe, basi inaweza pia kumfanya mtu wa hatari aheshimiwe.

Hapa Kenya, raia hapati bastola kwa kuitamani tu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka aombe cheti, achunguzwe tabia na afya ya akili, na aifungie silaha mahali salama. Hiyo ndiyo karatasi. Mnamo Desemba 2018, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru wenye leseni wote wachunguzwe upya, kwa kuwa ilibainika baadhi ya leseni zilikuwa zimepatikana kwa udanganyifu. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, bastola kiunoni ilikuwa kama saa ya dhahabu: dalili kwamba mwenyewe ni mtu wa maana. Mabaunsa wa vilabu waliwapisha watu hao, na magazeti yakawaandika katika kurasa za wakubwa.

Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la Small Arms Survey yaliyotolewa mwaka wa 2018, raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa kama 8,000 tu. Ndiyo kusema kati ya kila bunduki mia mikononi mwa raia, ni moja hivi iliyokuwa na karatasi. Wengi wa wenye hiyo moja ni watu watulivu ambao jirani zao hawajui hata kama wanayo. Hao huwaoni gazetini, kwa sababu hakuna kilichotokea. Anayeonekana ni yule aliyefyatua risasi katika kilabu au katika ugomvi wa barabarani, na kutoka kwake tunawahukumu wengine wote. Wenye leseni hulalamika juu ya hili, na mimi naona wana haki ya kulalamika.

Lakini hatari yenyewe mara nyingi haiko kule inakoonyeshwa. Huko Marekani, televisheni hutangaza mauaji ya halaiki shuleni na madukani, na mtazamaji hudhani hiyo ndiyo namna bunduki inavyoua. Takwimu za serikali yao za mwaka wa 2021 zaonyesha kuwa watu 48,830 walikufa kwa bunduki. Kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu, tena wengi wakiwa nyumbani kwao, kwa bunduki iliyonunuliwa ili kuilinda nyumba hiyo hiyo. Katika uchunguzi wa maoni wa kituo cha Pew wa mwaka wa 2023, asilimia 72 ya wamiliki walitaja ulinzi kuwa sababu kubwa ya kuwa na bunduki.

Hapa kwetu, Desemba 2021, konstebo mmoja wa polisi huko Kabete, viungani mwa Nairobi, alimpiga risasi mkewe, akatoka nje na kuwaua watu wengine, kisha akajiua. Bunduki ilikuwa ya serikali, na aliyeibeba alikuwa amefunzwa kuitumia na kulipwa kwa kazi hiyo. Kwa majirani, alikuwa yule mtu ambaye mama huwaambia watoto wamkimbilie wakiona jambazi.

Shule zinapofungwa, wazazi wengi jijini huwaruhusu watoto wao kwenda kulala kwa rafiki. Mama atapiga simu kuuliza kama kuna mtu mzima nyumbani, kama wana mbwa mkali, kama kidimbwi cha kuogelea kimefunikwa. Ikiwa baba wa rafiki huyo ni mheshimiwa, mwanajeshi mstaafu au mfanyabiashara mwenye gari kubwa, ni mama gani huuliza bastola yake huwekwa wapi usiku, na ufunguo uko kwa nani?